WCW ilikuwa na mapambano bora ya utangulizi. Mbona basi ikafa?

Krismasi iliyopita tukiwa ushago, nilibishana na mjomba wangu kuhusu mieleka mpaka chai ikapoa. Yeye ni mtu wa WWF, wa enzi zile za TV nyeusi na nyeupe inayotumia betri ya gari, nusu ya kijiji kimejaa kwa jirani. Mimi ni wa juzi. Vita vya WWF na WCW vilipoisha mwaka 2001 nilikuwa bado nabebwa mgongoni, kwa hivyo niliyoyaona nimeyaona kwenye CD za kuchoma na baadaye kwenye simu. Lakini nimeyatazama kwa makini, na nikamwambia: "Anko, ukiondoa pambano kuu, WCW ilikuwa inawafunza WWF kazi kila wiki."

Akacheka. "Kijana, kwani nani alishinda?"

Sikujibu. Nilitoa simu nikamwekea pambano moja la Oktoba 1997, Eddie Guerrero na Rey Mysterio. Alilitazama lote bila kusema neno. Lilipoisha akanirudishia simu, akauliza: "Na baada ya hapo, hawa vijana walipewa nini?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike hii.

Kwanza tuelewane. Ninaposema mapambano ya utangulizi namaanisha yale yote yanayokuja kabla ya wakubwa kuingia: la kwanza, la pili, la tatu, wakati watu bado wanatafuta viti na soda. Watu huyadharau. Lakini kama onyesho ni la saa tatu na wakubwa wanapigana dakika 15, basi muda mwingi uliolipia umeutumia kwa hao wadogo. Wao ndio nyama ya onyesho.

Sasa turudi 1995. Tarehe 4 Septemba mwaka huo, WCW ilianzisha kipindi chake cha Jumatatu, Nitro, ili kushindana uso kwa uso na Raw ya WWF iliyokuwa hewani tangu Januari 1993. Nitro ya kwanza ilifanyiwa ndani ya jengo la maduka, Mall of America kule Minnesota. Na pambano la kwanza kabisa halikuwa la Hogan. Lilikuwa Jushin Thunder Liger kutoka Japani dhidi ya Brian Pillman. Watu wawili wepesi, wanaoruka, wanaojua kazi. Nyota njema huonekana asubuhi, na asubuhi ya Nitro ilikuwa hiyo.

WWF wakati huo walikuwa na nini chini ya wakubwa wao? Wacha nikuambie, na si utani. Walikuwa na mzoa taka, Duke Droese. Walikuwa na daktari wa meno, Isaac Yankem, ambaye miaka miwili baadaye angegeuzwa kuwa Kane. Walikuwa na mfugaji wa nguruwe, Henry Godwinn, na mwaka 1996 wakaongeza fundi wa mabomba, T.L. Hopper. Yaani ulingo ulikuwa kama foleni ya watu wa jua kali wakisubiri kuitwa kibarua. Kulikuwa na mafundi wa kweli pia, Owen Hart kwa mfano, lakini ukipiga hesabu ya jioni nzima, mieleka yenyewe ilikuwa kidogo.

WCW ilichukua njia nyingine. Ilienda kuchukua watu Meksiko, Japani, na kwenye ile kampuni ndogo ya Philadelphia, ECW. Huko ECW, mnamo Agosti 1995, Eddie Guerrero na Dean Malenko walipigana pambano la kuagana, na mashabiki wakaimba wakiwasihi wasiondoke. Waliondoka, wakaenda WCW. Juni 1996 Rey Mysterio akaingia naye, mtu wa futi 5 na inchi 6 aliyevaa barakoa, na mwezi uliofuata akawa bingwa wa mkanda wa uzani mwepesi.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Tarehe 7 Julai 1996, kwenye Bash at the Beach, Hogan aliwageuka mashabiki na kundi la nWo likazaliwa. Kila mtu anaikumbuka takataka iliyorushwa ulingoni usiku huo. Lakini nenda uangalie onyesho lile lilifunguliwa na nani. Ni Rey Mysterio na Psychosis. Mambo waliyofanya kwenye kamba hizo, ukiyaweka kwenye kipindi cha leo bado watu watasimama.

Mpango wa WCW ulikuwa huo basi: vijana wepesi wafungue, wachangamshe ukumbi, halafu wakubwa wafunge na hadithi ya nWo. Na ulifanya kazi. Kuanzia katikati ya 1996 hadi Aprili 1998, Nitro iliipiga Raw kwa idadi ya watazamaji zaidi ya wiki 80 mfululizo. Sisemi ni Rey na Eddie peke yao walioleta watu. Hogan ndiye aliyewaleta mlangoni. Lakini mtu akishafika, ni nani aliyemkalisha?

Sasa lile pambano nililomwonyesha mjomba. Halloween Havoc, tarehe 26 Oktoba 1997, Las Vegas. Eddie aliweka mkanda wake, Rey akaweka barakoa yake. Kwa mtu aliyelelewa kwenye mieleka ya Meksiko, barakoa si nguo. Ndiyo jina lako, na ukiivuliwa ulingoni umevuliwa jina. Kwa takriban dakika 14 Eddie aliichana ile barakoa kama mtu mwenye deni la kulipwa, na Rey akapona, akashinda. Lilikuwa pambano la tatu usiku huo. Pambano kuu? Hogan na Roddy Piper ndani ya kizimba, wazee wawili wanaochoka mapema. Hebu yatazame yote mawili halafu uniambie ni lipi lilistahili kufunga onyesho.

Kufikia hapo WWF nao walikuwa wameona. Julai 1997 kule Calgary, Kanada, waliwaleta Wajapani wawili, The Great Sasuke na Taka Michinoku, na lilikuwa pambano zuri sana. Wakaanzisha mkanda wao wa uzani mwepesi, Taka akaushinda Desemba. Lakini haikuwa moyoni mwao. Taka alipoutetea kwenye WrestleMania ya 1998 alipewa kama dakika sita tu. Na msimu wa joto wa mwaka huo wakaleta Brawl for All, mashindano ya kupigana kweli kweli katikati ya kipindi cha mieleka. Watu wakaumia bure. Mshindi, Bart Gunn, zawadi yake ilikuwa kupangiwa bondia Butterbean kwenye WrestleMania ya 1999. Alizimwa kwa sekunde 35.

Kwa hivyo ukilinganisha pambano kwa pambano, 1996 hadi 1998, hakuna kesi. WCW ilishinda utangulizi kwa mbali. Hapo mjomba alikuwa amekosea, na nitamwambia hivyo tena Krismasi ijayo.

Lakini swali lake sasa. Walipewa nini?

Walipewa dari. Eddie, Rey, Malenko, Jericho, walifungua onyesho leo, wakafungua kesho, wakafungua mwaka mzima. Mlango wa kwenda juu ulikuwa umefungwa kwa ndani na wakubwa ambao mikataba yao ilikuwa minono. Mkataba wa Hogan ulimpa hata usemi juu ya hadithi zake mwenyewe. Chris Jericho mwaka 1998 alijitungia kisa cha kumdhihaki Goldberg, na mashabiki wakakipenda. Jericho mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa tayari kupigwa na Goldberg haraka haraka, mradi tu lifanyike kwenye onyesho kubwa ambalo watu wangelilipia. Hawakumpa hata hilo. Rey naye, mwezi Februari 1999, waliivua ile barakoa kwenye SuperBrawl, katika ugomvi ambao haukuhitaji kabisa kitu cha thamani hiyo. Ile barakoa aliyoipigania kwa jasho na Eddie ikaenda hivi hivi.

WWF walifanya kinyume. Mapambano yao ya chini yalikuwa mafupi, mara nyingi ya ovyo, lakini kila mtu alikuwa na kisa, na kisa kilikuwa na ngazi. Triple H alipigwa na Ultimate Warrior kwenye WrestleMania ya 1996 kwa muda usiofika dakika mbili. Agosti 1999 alikuwa bingwa wa dunia. The Rock aliingia Novemba 1996, na baadaye mashabiki wakawa wanamzomea. Miaka miwili baadaye, mkanda kiunoni. Ukiwa shabiki wa WWF ulijua kwamba huyu unayemwona saa hizi akipigana na watu hawajali anaweza kuwa mfalme kesho. Kwa hivyo ulijali.

Na hii ndiyo inayouma zaidi. Steve Austin alikuwa wa utangulizi WCW, wakamfuta kazi 1995 akiwa na jeraha. Mick Foley alikuwa WCW kwa jina la Cactus Jack, akaondoka 1994. Triple H alipita hapo. Undertaker alipita hapo kabla hajawa Undertaker. Wale wakubwa walioipindua WCW mwaka 1998 na 1999 walikuwa watu wa chini wa WCW ambao hakuna aliyewaona.

Usiku wa tarehe 4 Januari 1999 unaeleza kila kitu. Kwenye Nitro, mtangazaji aliwaambia watazamaji kwa kejeli kwamba Foley atachukua ubingwa kule kwa wapinzani, kwa sababu Raw ya siku hiyo ilikuwa imerekodiwa mapema. Alidhani ni mzaha. Mashabiki wengi wakabadilisha chaneli wakamwone Foley. Na Nitro usiku huohuo, kwenye pambano kuu, Hogan alimgusa Kevin Nash kwa kidole kimoja kifuani, Nash akalala chini, ubingwa ukabadilika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Baada ya hapo watu wakaanza kubeba virago. Agosti 1999 Jericho alitokea Raw kule Chicago, akamkatiza The Rock katikati ya maneno. Tarehe 31 Januari 2000 wakatokea wanne kwa mpigo: Guerrero, Malenko, Perry Saturn na Chris Benoit. (Benoit mwaka 2007 alimuua mkewe na mwanawe, kisha akajiua. Namtaja kwa sababu historia haiwezi kumruka, si kumsifu.) Kwa WCW ilikuwa kama nyumba kung'olewa mawe ya msingi. Na WWF upande wao walikuwa tayari na vijana wao: Hardy Boyz dhidi ya Edge na Christian, pambano la ngazi la Oktoba 1999 pale Cleveland. Ukumbi ulisimama. Ongeza Dudley Boyz, na kufikia 2000 utangulizi wa WWF ulikuwa bora kuliko chochote kilichobaki WCW. Tarehe 26 Machi 2001 Nitro ya mwisho ikaenda hewani kutoka Florida, WCW ikiwa tayari imenunuliwa na WWF.

Na wale wa dari? Jericho, Desemba 2001, aliwapiga The Rock na Austin usiku mmoja akaunganisha mikanda yote miwili ya dunia. Eddie alikuwa bingwa wa WWE Februari 2004, na akafariki Novemba 2005. Rey alirudishiwa barakoa yake na mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia kwenye WrestleMania. Yaani walikuwa wanatosha tangu mwanzo. Chanda chema huvikwa pete, wazee walisema, lakini hawakusema nani atavisha.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mtu akikuambia WWF ilishinda kwa sababu mapambano yake yalikuwa bora, anakudanganya. Na mtu wa WCW akikuambia utangulizi mzuri ungetosha kuiokoa, naye anajidanganya. Ubora wa wale wa chini bila njia ya kupanda ni hazina unayomwekea jirani.

Sasa nirudi kwa mjomba. Sikujua kwa nini aliuliza swali lile hadi mama aliponikumbusha jikoni usiku huo. Mjomba alifanya kazi karakana moja miaka 19. Alifundisha vijana kufungua injini, na vijana wawili kati ya hao wakaja kuwa wakubwa wake. Alistaafu akiwa na cheo kilekile alichoingia nacho. Hajawahi kulalamika mbele yangu hata siku moja.

Mimi pia hufungua shoo za wengine. Nishapanda jukwaani saa kumi na moja jioni watu wakiwa bado wanapanga viti, nikaambiwa malipo ni kuonekana. Nikapiga kazi kama Rey na Psychosis, nikarudi nyumbani na matatu ya mwisho. Sitaacha kupiga kazi vizuri, kwa sababu mtu mmoja kwenye kiti cha nyuma anaangalia. Lakini siku hizi kabla sijakubali kufungua, nauliza kwanza swali la mjomba: na baada ya hapo?