Mamangu Hanywi Pombe

Mamangu hajawahi kuonja pombe. Hata keki ya harusi, akisikia fununu kwamba imetiwa brandi, anaifunga kwenye tishu na kumpa jirani wa kiti. Lakini mwaka juzi akina mama wa kikundi chake cha kanisa walianza kumwombea "afunguliwe." Hakuna aliyesema afunguliwe kutoka kwa nini, na haikuhitajika. Mashavu yake yalikuwa yamekolea rangi kama ya damu iliyokauka, pua imevimba na kujaa vipele, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha. Ukimkuta kwenye matatu saa mbili asubuhi, na humjui, unasema tu: huyu mama jana alimaliza mzinga.

Alichokuwa nacho kinaitwa rosasea. Kulijua jina hilo kulituchukua miaka mitatu na pesa ambazo hatukuwa nazo. Nilipolijua nikaanza kusoma, kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua niielekeze wapi. Nani aliamua kwamba pua nyekundu ni ya mlevi? Na ilikuwaje watu watatu waliovaa koti jeupe wakamtazama mamangu usoni, mahali ambapo kila mtu anaona, na wasione kitu?

Hadithi hii ni ya Ulaya kwanza, kwa hivyo twende huko. Karne ya 14, Guy de Chauliac, daktari wa upasuaji aliyewatibu mapapa kule Avignon, Ufaransa, aliandika kuhusu wekundu huu wa usoni. Wafaransa waliuita tone la waridi. Jina zuri, hata ungeweza kumpa mtoto. Shida ni kwamba karne hiyohiyo ugonjwa ulishaingia kwenye fasihi, na fasihi haikuwa na huruma. Katika The Canterbury Tales, Geoffrey Chaucer ana hujaji mmoja ambaye kazi yake ni kuwaita watu mbele ya mahakama ya kanisa. Uso wake ni mwekundu kama moto, umejaa vipele, na watoto wakimwona wanaogopa. Anapenda vitunguu na divai kali. Pia anakula rushwa na anapenda wanawake. Chaucer anaorodhesha dawa ambazo hazikumsaidia, na kati yake zimo zebaki, risasi na salfa. Wataalamu bado wanabishana alikuwa anaugua nini hasa, lakini madaktari wengi wa ngozi wakimsoma wanaona rosasea. Shika hiyo zebaki na hiyo salfa, tutazihitaji mbele.

Shakespeare naye ana Bardolph, mlevi na mwizi ambaye pua yake inafanyiwa utani tamthilia baada ya tamthilia, na mwisho wake ni kunyongwa. Unaona mambo yanavyojengwa? Dhambi iko ndani, uso unaitangaza nje. Kufikia wakati ambapo madaktari walianza kuandika vitabu maalumu vya ngozi, watu wa kawaida walikuwa washaamua ugonjwa huu unatoka wapi.

Ukweli ni kwamba pombe inaweza kuwasha uso wa mtu mwenye rosasea, kama vile jua, pilipili, joto la jiko na hasira zinavyoweza. Lakini wako watu wengi wasiogusa tone wenye ugonjwa huu. Chanzo chake kamili bado kinatafutwa. Kinachojulikana ni kwamba mishipa midogo ya damu usoni inatanuka upesi kupita kiasi, kinga ya mwili inajibu vitu vidogo kwa fujo kubwa, na ndugu wa damu wanaweza kuurithi. Halafu kuna utitiri wadogo wasioonekana kwa macho, Demodex, ambao wanaishi kwenye vinyweleo vya karibu kila mtu mzima (ndiyo, hata wewe, sasa hivi), ila kwa mtu mwenye rosasea mara nyingi huwa wengi zaidi.

Katika kusoma kwangu kote kuna picha moja tu iliyonituliza. Ilichorwa na Domenico Ghirlandaio wa Florence mnamo 1490 hivi, na sasa iko Louvre, Paris. Mzee mwenye pua iliyojaa manundu kama tangawizi amempakata mjukuu wake. Hali hiyo ya pua ni aina kali ya rosasea. Mtoto amemwekea mkono kifuani na anamtazama usoni moja kwa moja, bila kuogopa. Mchoraji hakuificha pua wala hakuicheka. Linganisha na J. P. Morgan, yule tajiri wa benki wa New York, aliyekuwa na pua ya aina hiyohiyo. Alichukia kamera, na picha zake rasmi zilikuwa zikirekebishwa ili pua ipungue. Ukiwa na pesa za kuokoa benki za Marekani na bado unaionea aibu pua yako, basi mama wa Kayole afanyeje?

Jina la kisasa lilikuja mwanzoni mwa karne ya 19, pale daktari Thomas Bateman wa London alipoiweka hali hii katika ukoo wa chunusi na kuiita acne rosacea. Neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake ni enye rangi ya waridi. Na hapa ndipo mimi nilipoketi chini. Jina lenyewe ni rangi, na rangi hiyo inaonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Wakaongeza na utani, kwamba ni laana ya Waselti, yaani Wairishi na Waskoti. Mwanafunzi wa udaktari akifungua kitabu anakutana na picha ya Mzungu mwenye mashavu mekundu, anakariri, anafaulu, anarudi nyumbani kutibu watu wasio na mashavu ya aina hiyo. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick wa Harvard alitengeneza kipimo cha kupanga aina za ngozi, ambacho bado kinatumika duniani kote. Mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe tu. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, namba tano na sita, mwisho wa foleni.

Mamangu ni maji ya kunde. Kwenye ngozi kama yake wekundu unaweza kutoka kama kahawia iliyokolea au zambarau, na kwa mtu mweusi zaidi usiuone kabisa. Unachopaswa kufanya ni kuuliza. Je, uso unachoma? Unahisi joto ukinywa chai? Sabuni inauma? Macho yanawasha kama yameingia mchanga? Vipele vipo lakini vile vichwa vyeusi vya chunusi havipo? Mwaka 2017, madaktari wa Durban, Ncoza Dlova na Anisa Mosam, walichapisha ripoti kuhusu rosasea kwa Waafrika Kusini weusi, wale wa namba tano na sita. 2017! Miaka zaidi ya mia sita baada ya Chauliac. Siamini kwamba ugonjwa ndio uliochelewa kufika Afrika.

Sasa nifike kwa sehemu yangu, ambayo ningependa kuiruka.

Vipele vilipoanza, nilikuwa nimeacha chuo na niko tu nyumbani, kwa hivyo mimi ndiye niliyetumwa. Kwenye kemisti ya kwanza waliniambia ni chunusi za utu uzima. Kwenye duka moja la vipodozi, jijini, dada mmoja mchangamfu alinipa kikopo kisicho na maandishi yanayoeleweka na kusema, "Hii ikimaliza wiki mbili utarudi kunishukuru." Kweli, baada ya wiki mbili uso wa mamangu ulikuwa laini kama wa bibi harusi. Nilirudi, nikashukuru, nikanunua viwili.

Kikopo kile kilikuwa na steroidi kali. Historia yake nayo si ndefu. Mwaka 1952, madaktari Marion Sulzberger na Victor Witten walionyesha kwamba haidrokotisoni ya kupaka inatuliza ngozi iliyowaka, na ilikuwa kama muujiza. Zikafuata steroidi zenye nguvu zaidi. Kufikia 1974 madaktari wa Marekani walikuwa wanaandika kuhusu rosasea inayoletwa na dawa zenyewe: unapaka, ngozi inatulia, mishipa inazidi kutanuka chini kwa chini, unaacha, uso unalipuka, unapaka tena. Hapa Kenya, mwaka 1998, KEBS ilitoa orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku kwa kuwa na haidrokwinoni, homoni au zebaki. Ndiyo, zebaki ileile ya yule hujaji wa Chaucer. Marufuku ni ya zamani kuliko mimi, na bado vikopo vinauzwa mchana kweupe.

Daktari wa ngozi tuliyempata hatimaye, baada ya kungoja miezi miwili, hakumuuliza kama anakunywa. Aliuliza, "Mama, unapaka nini?" Mamangu alinitazama mimi kwanza. Nilitoa kikopo mfukoni. Daktari hakutugombeza, alisema tu kwamba tutakiacha na kwamba uso utaharibika kabla ya kupona. Ulifanya hivyo hasa. Kwa wiki sita hakwenda kanisani. Alikaa chumbani na kitambaa cha maji baridi, na nilipompelekea chakula aligeukia ukutani. Nilikuwa nimesoma yote haya kuhusu wafalme na wachoraji na sikuwa na neno hata moja la kumwambia mwanamke huyo.

Dawa alizoandikiwa, kusema kweli, zingekuchekesha. Ya kwanza ni metronidazo ya kupaka. Ndiyo ileile unayomeza ukila nyama choma mbaya, ila Wamarekani waliiidhinisha kwa ajili ya rosasea mwaka 1988. Ya vidonge ni doksisaiklini, kwa miezi michache. Iko pia krimu ya ivamektini, iliyoidhinishwa huko mwaka 2014, ambayo daktari aliitaja halafu akatuangalia viatu na kusema bei ni kubwa, tuanze na hii. Ivamektini! Guka yangu alikuwa akiwadunga mbuzi wake dawa hiyo. Ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani, imewaokoa watu wasipofuke kwa ugonjwa wa usubi, ikawapa Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na inaua utitiri wa usoni. Na salfa, ile ya Chaucer? Bado inatumika. Katika orodha yake yote, hiyo moja haikuwa upuzi.

Haiponi kabisa. Inafugwa. Anaosha uso kwa mkono, bila kusugua, na sabuni isiyo na manukato. Anapaka losheni ya kukinga jua, ambayo alidhani ni mambo ya watalii, na kofia yenye ukingo mpana imekuwa sehemu ya mwili wake. Chapati sasa napika mimi, maana moto wa jiko unamwasha kuliko kitu chochote. Nyuma ya daftari lake la chama anaandika siku uso ulipowaka na alichokuwa amefanya: "Jumanne, jua la stendi." "Ijumaa, pilipili ya kwa Mama Otis." "Jumapili, simu ya babako."

Vita vikubwa vilikuwa vya chai. Alifikiri ataambiwa aiache, akaanza kuomboleza kabla. Lakini mwaka 1981 daktari Jonathan Wilkin alijaribu jambo hili kwa kuwapa watu wenye rosasea kahawa ya moto, kahawa baridi, maji ya moto na kafeini yenyewe. Kilichowawasha ni moto. Kahawa baridi haikufanya kitu, na maji ya moto matupu yalifanya. Nilipomweleza hakuniamini, kwa hivyo tulifanya jaribio letu mezani, vikombe viwili, na daftari la chama likaandika matokeo.

Sasa anamimina chai, anaiweka dirishani na kungoja. Wiki iliyopita mwenyekiti wa kile kikundi cha maombi alikuja kututembelea, akaona kikombe kimekaa hapo kinapoa, akauliza kuna mgeni mwingine anayekuja. Mamangu akamwambia, "Hapana, hii ni yangu. Keti nikuambie nilikuwa naumwa nini."