Dawa Iliyotoka Udongoni

Tetrasaiklini tunaijua wote. Ni ile dawa watu wanayonunua dukani bila karatasi ya daktari, tumbo likisumbua kidogo tu. Ndugu yake, oksitetrasaiklini, ndiyo wafugaji wanachoma ng'ombe na kuchanganya kwenye maji ya kuku. Kitu watu hawajuagi ni kwamba ukoo huu wote ulianzia kwenye udongo.

Benjamin Duggar alikuwa mtaalamu wa mimea, tayari mzee, akifanya kazi kampuni ya Lederle huko Marekani. Alikuwa anatumiwa udongo kutoka sehemu nyingi. Ndani ya udongo wa shamba moja la Chuo Kikuu cha Missouri akakuta kijidudu cha rangi ya dhahabu, kinachotoa kitu cha kuua vijidudu vingine. Dawa ikaitwa Aureomycin, ikatangazwa 1948.

Mwaka huohuo, kampuni hiyohiyo, Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wanatafuta chakula cha kuku cha bei nafuu chenye vitamini B12. Wakawapa vifaranga makapi yanayobaki Aureomycin ikishatengenezwa. Siku ya Krismasi Jukes akawapima: wale wa makapi wamewazidi wenzao uzito. Kumbe dawa kidogo ilikuwa imebaki mle ndani! Mwaka 1951 serikali ya Marekani ikaruhusu ichanganywe kwenye chakula cha mifugo. Yaani mnyama haumwi, anapewa tu anenepe.

Sasa, mwili wa mnyama hauimalizi dawa yote. Sehemu kubwa ya tetrasaiklini inatoka kwenye mkojo na mavi ikiwa bado ina nguvu. Samadi inaenda shambani, dawa inang'ang'ania udongo wa mfinyanzi, na mvua ikinyesha nyingine inashuka mtoni. Ni kidogo, haiwezi kuua vijidudu vyote. Shida iko hapohapo kwenye hicho kidogo. Vijidudu dhaifu vinakufa, sugu vinabaki vinazaana, tena vinagawia usugu wao hata vijidudu vya jamii nyingine, vikiwemo vinavyotuumiza sisi.

Stuart Levy alionyesha jambo hili mwaka 1976, kwenye shamba moja karibu na Boston. Kuku walilishwa oksitetrasaiklini. Haikupita wiki, vijidudu vya matumboni mwao vikawa sugu. Baada ya miezi michache vikakutwa hata kwa watu wa shamba lile, na hao hawakumeza kidonge chochote.

Uingereza walishaonywa na kamati ya Michael Swann tangu 1969. Sweden ikakataza dawa za kunenepesha 1986, Umoja wa Ulaya 2006. Marekani, walioanzisha, walingoja mpaka 2017 kuzuia zile zinazotibu binadamu. Mimi naona pesa ya nyama ndiyo iliwachelewesha.

Hapa Nakivale ng'ombe wanakunywa ziwani, na maji ya kwenye mabomba yetu yanatoka ziwa hilohilo. Siku ya usafi mimi na vijana tuliokota chupa za dawa ya ng'ombe pembeni ya maji, zingine zikiwa bado na dawa chini. Ndugu wa mashirika, mnatufundisha kuchemsha maji, na tunashukuru, maana vijidudu vinakufa. Lakini wafugaji nao waelezwe chupa hizo zitupwe wapi, na muuza dawa aulizwe kwanza: ng'ombe huyu anaumwa nini?