Kuzikana Hakukuanza Kwetu: Habari za Padri McGivney na Wenzake

Ndugu zangu, kila anayeingia New Haven huliona lile jumba refu la ghorofa 23, lenye nguzo nne nene za duara kwenye pembe zake, lililojengwa mwaka 1969. Watoto wetu wamelizoea kama sisi tulivyolizoea Beit al-Ajaib udogoni, lakini ukiwauliza ni la nani, wachache watakujibu. Ni makao makuu ya Knights of Columbus, chama cha udugu cha wanaume wa Kikatoliki. Nimeombwa niandike habari ya historia katika kitabu chetu cha mwaka huu, nami nimechagua hii kwa sababu mbili. Kwanza, tuna deni la wema kwa watu hawa. Pili, chama chetu wenyewe cha kuzikana kimeingia maneno.

Mwisho wa karne ya 19, Wakatoliki wa mji huu wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ireland na watoto wao. Walifanya kazi za viwandani, na wanaume walikufa wangali vijana, kwa ajali na kwa maradhi. Akifa baba, mjane hubaki hana kitu, na watoto huenda wakatawanywa. Vyama vingi vya kusaidiana havikuwataka Wakatoliki, na vyengine kanisa lao lenyewe liliwakataza kujiunga navyo kwa ajili ya viapo vya siri. Hata kanisa lao la St. Mary's, lililojengwa katika mtaa wa matajiri, lilionekana kuwa doa. Mwaka 1879 gazeti kubwa la New York liliandika hivyo bila haya.

Katika kanisa hilo alikuwapo padri msaidizi, Michael McGivney. Alizaliwa Waterbury, katika jimbo hili la Connecticut, mwaka 1852, mtoto wa kwanza kati ya 13, na sita kati yao walikufa wadogo. Mwaka 1873, akiwa masomoni Kanada, baba yake alifariki, ikambidi arudi nyumbani. Asingerudi tena masomoni lau askofu hangemsaidia. Kwa hiyo habari ya mjane na yatima hakuisoma kitabuni. Alipata upadri mwaka 1877, na Oktoba 1881 akawakusanya wanaume wa parokia katika chumba cha chini ya kanisa. Tarehe 29 Machi 1882 bunge la jimbo likakipa chama chao hati. Walichagua jina la Columbus ili kuonyesha kuwa Mkatoliki si mgeni katika nchi hii. Leo jina hilo lina mabishano yake, na sanamu ya Columbus iliondolewa katika bustani ya Wooster Square hapa mjini mwaka 2020.

Sasa tazameni utaratibu wao. Akifa mwanachama, kila mwenziwe alitoa dola 1, na mjane aliahidiwa dola 1,000. Wanachama walipozidi 1,000, mchango wa kila mmoja ulipungua. Palikuwa na fungu la wagonjwa pia, kwa mwanachama aliyeshindwa kwenda kazini. Padri McGivney mwenyewe alifariki mwaka 1890 kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 38, na mwaka 2020 kanisa lake lilimtangaza Mwenye Heri. Katika Vita Vikuu vya Kwanza chama kilifungua nyumba za mapumziko kwa askari. Kila askari alikaribishwa, wala hakuulizwa dini yake wala hakutozwa senti.

Hilo la kutouliza dini nimelishuhudia. Januari 1994 mwenzetu mmoja alifariki ghafla, ana miaka 34, ameacha mke na watoto watatu. Wakati huo tulikuwa familia kumi na moja, na hatukuwa na mfuko wowote. Tulipita tukiomba dukani na msikitini, na deni la mazishi tulilimaliza baada ya zaidi ya mwaka. Nyumba ya marehemu ilikuwa vyumba viwili, vimejaa kinamama waliokaa na mfiwa. Sisi wanaume tulisimama nje kwenye theluji.

Mzee mmoja, mtunza majengo wa skuli niliyokuwa nikifundisha, aliniuliza, "Mwalimu, mtakaa wapi?" Kumbe alikuwa mwanachama wa Knights. Jioni ile alileta ufunguo wa ukumbi wao, na wenziwe wawili wakakwangua theluji ngazini. Tulisoma hitima siku tatu katika ukumbi wenye msalaba ukutani. Sisi hatukuugusa, na wao hawakutuuliza tunasoma nini. Siku ya tatu yule mzee alinipa bahasha ya mjane, akanikataza kumtajia nani kaitoa.

Mwaka uliofuata tukaanzisha chama chetu. Leo vijana wanauliza, kwa nini mtu wa miaka 25 alipe sawa na mzee wa miaka 70 aliyekaribia kaburi? Mimi nimepita sitini, kwa hiyo nisikilizeni kwa tahadhari, maana nami ni mfaidika. Nilifundisha hisabati, na kwa hesabu tupu vijana wana haki. Utaratibu wa mwanzo wa wale wa St. Mary's ulikuwa na kasoro hiyo hiyo: kijana alilipa sawa na mzee, na kwa umri wake wote alilipa zaidi. Lakini mzee akifa, mara nyingi watoto wake wanajitegemea. Anayeacha watoto wadogo ni kijana. Aliyetufunza kuanzisha chama hiki alikuwa na miaka 34.

Si kila chao ni chetu. Wao ni wanaume tu, na sisi bila kinamama chama kingekufa zamani. Mambo ya bima nayo yana hukumu zake, tuwaachie wenye elimu. Kiwango cha mchango kinazungumzika, na tukipange kwa umri kama ikibidi. Ninachokiogopa ni vijana kutoka chamani mmoja mmoja, kimya kimya, mpaka siku ya msiba tujikute tena nje kwenye theluji.

Yule mzee alifariki miaka mingi iliyopita. Tulikwenda mazishini kwake watu tisa, tukakaa safu ya nyuma. Mkutano wetu wa hesabu ukiitishwa, nawaomba kila mzazi aje na kijana wake.