Elimu Iliyotangulia Ugonjwa: Kipindupindu Maabarani na Ufukoni Uvira

Mwaka 1978 una nafasi ya pekee katika historia ya kipindupindu, ingawa mambo yaliyoupa nafasi hiyo yalitokea mahali palipotengana sana. Katika mwaka huo wanabiokemia walieleza hatua kwa hatua jinsi sumu ya ugonjwa huo inavyoyafungulia njia maji ya mwili yamwagike utumboni. Mjini Stockholm wataalamu waliitwa kwenye kongamano la Nobel juu ya kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Na jarida la tiba la The Lancet la Uingereza likaupa ugunduzi wa namna chumvi na sukari zinavyosafiri pamoja ndani ya utumbo mwembamba cheo cha juu kabisa miongoni mwa mafanikio ya tiba ya karne ile. Ilikuwa ni karibu na mwaka huohuo ambapo wimbi la saba la kipindupindu, lililoanza Indonesia mwaka 1961 na kutua Afrika mwaka 1970, liliingia katika eneo la Maziwa Makuu, likaishika Burundi, Rwanda na mashariki ya Zaire ya wakati ule, pamoja na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ugonjwa ambao watu wa Uvira, mji wa mwambao huo upande wa Zaire, huuita zaidi kolera uliwafikia, basi, ukiwa umekwisha kuchunguzwa hadi ndani ya seli, na dawa yake ikiwa imekwisha kupatikana kwa bei ya sukari na chumvi.

Si kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa haijawahi kukiona kipindupindu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya milipuko ya eneo hili, akifuatilia njia za misafara ya bara na za majahazi ya pwani, kwa kuwa alitambua kwamba ugonjwa ulitembea kwa mwendo wa watu na bidhaa zao. Lakini mawimbi yale ya karne ya 19 yalipita yakaondoka, na ugonjwa ukatoweka kwa miongo mingi. Wimbi la saba halikuondoka, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya mwambao wa Uvira kuwa mahali pa kuzungumziwa katika historia hii.

Bakteria mwenyewe alionekana mapema. Mtaliano Filippo Pacini alimwona kwa darubini mjini Florence mwaka 1854, katika matumbo ya watu waliokufa kwa ugonjwa huo, akaandika alichokiona, na wanasayansi wenzake hawakumjali. Miaka 30 baadaye Robert Koch wa Ujerumani, aliyeanzia uchunguzi wake Misri mwaka 1883 na kuukamilisha Calcutta mwanzoni mwa 1884, aliwashawishi wengi kwamba bakteria huyo aliyepinda kama mkato wa mwandiko ndiye chanzo. Koch alikisia pia kwamba bakteria huyo hutoa sumu, yaani kwamba madhara hayatokani na kuutafuna mwili bali na kitu anachokimwaga. Kisio hilo lilikuwa sahihi, lakini lilichukua miaka 75 kuthibitishwa, na sababu ya kuchelewa huko inastahili kuelezwa kwa sababu ni kosa la akili zilizoelimika.

Watafiti waliitafuta sumu hiyo kwa kuwadunga wanyama bakteria wa kipindupindu kwenye mishipa, misuli na tumbo nje ya utumbo, kana kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa damu. Wanyama walikufa, lakini hawakuhara. Wakati huohuo wataalamu wa maiti walikuwa wameona kwamba utando wa ndani wa utumbo wa waliokufa ulikuwa umebanduka, wakahitimisha kwamba kipindupindu huuchuna utumbo na kuuacha kama kidonda kinachovuja. Mwaka 1959 huko Bangkok kikundi kilichokuwa na Eugene Gangarosa wa Marekani kilichukua vipande vidogo vya utando kutoka kwa wagonjwa waliokuwa hai, kwa kifaa kidogo wanachomeza, na kukuta utando mzima, seli zikiwa mahali pake. Kubanduka kule kulikuwa ni kuoza baada ya kifo. Madaktari wa karibu karne nzima walikuwa wakisoma kazi ya mauti na kuiita kazi ya ugonjwa.

Aliyeifikia sumu yenyewe ni Sambhu Nath De, mtaalamu wa patholojia, yaani elimu ya mabadiliko ya viungo vinavyougua, aliyefanya kazi Calcutta katika maabara isiyokuwa na vifaa vya kujivunia. Njia yake ilikuwa rahisi kiasi cha kuwaaibisha waliomtangulia. Mwaka 1953, pamoja na mwenzake, alifunga kwa uzi kipande cha utumbo mwembamba wa sungura pande zote mbili, kikawa kama mfuko mdogo, akaingiza ndani yake bakteria wa kipindupindu walio hai. Baada ya saa kadhaa mfuko ule ulikuwa umevimba kwa maji yanayofanana na yale anayohara mgonjwa, ambayo hulinganishwa na maji yaliyooshea mchele. Mwaka 1959 alikwenda mbele zaidi: aliwachuja bakteria wote kutoka katika mchuzi walimokuzwa, akautia mchuzi huo peke yake, na mfuko ukavimba vilevile. Makala aliyoichapisha katika jarida la Nature ilikuwa fupi, na heshima aliyopewa ilichelewa sana. Mwaliko wake wa Stockholm ulikuja mwaka 1978, alipokuwa amekwisha kustaafu, miaka saba kabla ya kufa kwake.

Baada ya De kazi ilienda kwa kasi. Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto waliitenga sumu ikiwa safi huko Dallas mwaka 1969, na ikaonekana kuwa ni protini yenye vipande sita. Vitano hujipanga kama pete na kung'ang'ania mafuta maalumu yaliyo juu ya seli za utumbo, yaitwayo GM1; cha sita ndicho kinachoingia ndani. Mwaka 1978 watafiti waliotumia chembe nyekundu za damu ya njiwa, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na huitikia sumu hiyo vizuri, walionyesha kazi ya kipande hicho: hukitia alama ya kemikali kidhibiti kimoja cha seli, protini ambayo kwa kawaida huwashwa kisha hujizima yenyewe, na kwa alama hiyo hukinyima uwezo wa kujizima. Seli inabaki ikitengeneza bila kukoma mjumbe wake wa ndani, kemikali iitwayo AMP ya duara, na mjumbe huyo anaamuru milango ya kloridi, yaani nusu moja ya chumvi ya kawaida, ifunguliwe. Chumvi inatoka, na maji yanaifuata. Seli haijauawa wala haijajeruhiwa; inatii tu amri ambayo hakuna wa kuifuta, na mgonjwa aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Asipotibiwa, mgonjwa wa namna hiyo ana nafasi ya kupona kama ya sarafu iliyorushwa juu.

Jambo lililookoa maisha ya watu wengi kuliko ujuzi wote huo wa sumu lilitoka kwenye mlango mwingine. Mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, Robert Crane alipendekeza kwamba glukosi huingia kwenye seli za utumbo ikiwa imefungwa pamoja na sodiamu, nusu ya pili ya chumvi, kama abiria wawili wenye tiketi moja. Mlango huo hauguswi na sumu ya kipindupindu. Mgonjwa ambaye utumbo wake unamwaga maji bado anaweza kuyanywa na kuyahifadhi, mradi yawe na chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, na kipimo ndicho kilichokuwa kigumu: Robert Phillips wa jeshi la wanamaji la Marekani alipojaribu Ufilipino mwaka 1962 alitumia mchanganyiko uliozidi chumvi, na wagonjwa kadhaa wakafariki. David Nalin na Richard Cash walifaulu Dhaka mwaka 1968. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon karibu na mpaka wa Bangladesh, Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akawapa ndugu za wagonjwa maji ya chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Pakiti za SRO, yaani chumvi za kunywa za kurudisha maji mwilini, zinazogawiwa leo katika vituo vya afya vya Uvira ni mchanganyiko huohuo uliorekebishwa mwaka 2002, wenye gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja ya maji safi, pamoja na potasiamu na sitrati.

Lita moja ya maji safi: hapo ndipo historia ya maabara inapokutana na ya mji. Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, juu ya ukanda mwembamba wa ardhi unaokatwa na mito inayoshuka kwa nguvu wakati wa mvua, kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, nao umepokea kwa miongo mingi watu waliokimbia vita kutoka pande zote za mto Ruzizi. Familia ambayo bomba lake limekauka haina umbali mrefu wa kwenda kuteka: inashuka na mabidoni hadi ufukoni, mahali palepale ambapo watu huoga, hufua na kutua mitumbwi ya ndagala. Mji wa Goma ulionyesha mwaka 1994 jinsi ujuzi unavyoweza kuzidiwa na wingi, pale wakimbizi kutoka Rwanda walipoanza kunywa maji ya Ziwa Kivu na watu wapatao 50,000 wakafa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Uvira haijapata janga la ukubwa huo. Imepata kipindupindu kisichokwisha.

Kwa nini hakiishi? Didier Bompangue, daktari Mkongomani aliyeifanya ramani ya ugonjwa huu kuwa kazi yake ya maisha, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 2008 kwamba maeneo ya kandokando ya maziwa ya mashariki ndiyo yanayouhifadhi ugonjwa nchini Kongo, na kwamba milipuko ya kwingineko huchipuka kutoka huko. Inavutia kukumbuka hapa kwamba mafundi wa maabara wanaotaka kumkuza bakteria wa kipindupindu kutoka kwenye sampuli humtia kwanza katika maji yaliyofanywa kuwa na alkali, hali iliyo kinyume cha uchachu, kisha humpanda juu ya chakula chenye chumvi za nyongo, maji machungu ya ini, ambazo huwazuia bakteria wengine lakini yeye huzistahimili. Na maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana alkali. Huo si ushahidi kwamba ziwa ni ghala lake. Ni sababu tosha ya kuuliza, na Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira, ambacho asili yake ni kituo cha utafiti cha enzi ya Wabelgiji, kimekuwa miongoni mwa waliouliza. Upande wa vinasaba nao ulileta jibu lenye kupunguza lawama za ziwa: mwaka 2017 timu ya François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur ya Paris ilisoma jenomu, yaani mfuatano mzima wa vinasaba, za zaidi ya bakteria 1,000, ikaona kwamba wimbi la saba liliingizwa Afrika angalau mara 11, kila mara likitokea Asia, likisafiri ndani ya matumbo ya binadamu.

Utafiti muhimu zaidi uliofanyika Uvira yenyewe, hata hivyo, haukuhitaji darubini. Aurélie Jeandron wa Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London na wenzake walichukua daftari za kituo cha matibabu ya kipindupindu za kati ya 2009 na 2014, zenye wagonjwa 5,745 waliozidi umri wa miezi 12, wakazilinganisha siku kwa siku na kiasi cha maji kilichotolewa na mtambo wa mji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yanasema kwamba baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, idadi ya wagonjwa katika siku 12 zilizofuata iliongezeka kwa wastani wa asilimia 155, na kwamba karibu robo ya wote waliolazwa walihusiana na upungufu wa maji hayo. Mitaa iliyozoea bomba ndiyo iliyoumia zaidi bomba lilipokatika. Kiasi cha klorini ndani ya maji hakikuonyesha uhusiano wowote, jambo ambalo wahandisi wengi wasingelitarajia: maji mengi yalikuwa na uzito kuliko maji yaliyotiwa dawa vizuri. Vipimo vya haraka vilivyofanywa baadaye katika kituo hichohicho viliongeza tahadhari nyingine, kwa sababu chini ya nusu ya waliodhaniwa kuwa na kolera ndio waliothibitishwa. Waliobaki walikuwa na magonjwa mengine ya kuhara, ambayo pia hayapendi maji yanayotoka kila siku.

Mwezi Aprili 2020, wakati mradi wa kupanua mtandao wa maji ukiendelea, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba na kuharibu mitambo ya maji. Miezi michache baadaye wakazi walipewa chanjo ya kumeza katika kampeni ya awamu mbili, na uchunguzi ulioongozwa na Espoir Bwenge Malembaka, mtafiti wa Bukavu, ukaonyesha kwamba hata dozi moja ilipunguza hatari kwa takriban nusu na kinga hiyo ikadumu kwa zaidi ya mwaka. Chanjo hiyo ina bakteria waliouawa, wazima kwa umbo, na haina kipande chochote cha sumu iliyotengwa Dallas. Kinga ambayo mwili unaijenga inamlenga bakteria mwenyewe kabla hajafika kwenye ukuta wa utumbo. Sumu ya De hujibiwa Uvira kwa pakiti ya SRO, ambayo mama hupewa mlangoni mwa kituo pamoja na maelekezo ya kuichanganya katika lita moja ya maji.