Mzigo wa Kuthibitisha: Ni Juu ya Nani?

Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa tuhuma za utovu wa nidhamu huuliza swali lilelile: nitathibitishaje kwamba sikuiba? Hana nakala ya taarifa ya uchunguzi, kamera ni za mwajiri, na wenzake walioshuhudia wanaogopa vibarua vyao visiote nyasi. Jibu la sheria ya Tanzania huwa linamshangaza. Si yeye wa kuthibitisha.

Istilahi inayobeba jibu hilo ni mzigo wa kuthibitisha. Wengine huandika wajibu, wengine jukumu. Yote yanaeleweka, lakini mimi nasimama na mzigo, kwa sababu mzigo mtu hutwikwa, hutuliwa, na mwingine akaupokea. Wajibu haupokezanwi hivyo, na katika migogoro ya kazi kupokezana huko ndiko mara nyingi kunakoamua nani ashinde. Kwenye mazungumzo hata nomino haihitajiki. Tunasema tu "ni juu yako", na kila mtu anajua nani anatakiwa kuleta ushahidi.

Kanuni ya kawaida watu wa pwani wanaijua tangu mahakama za kadhi: mdai alete ushahidi, anayekana aape. Sheria ya Ushahidi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo iliyogeuza mambo. Kwa kifungu cha 39, katika shauri la kuachishwa kazi isivyo haki, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba alitenda haki, kwa maana ya sababu halali na utaratibu uliofuatwa. Ndiyo maana mwajiri anaweza kuwa na ushahidi wa wizi wa kweli na bado akashindwa, kwa kuwa alimpa mtu barua ya tuhuma asubuhi akamfukuza jioni. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake.

Kipimo si kile cha jinai. Mwajiri hatakiwi kuondoa kila shaka; inatosha maelezo yake yaelekee kuwa kweli kuliko yale ya upande wa pili.

Wengi huchanganyikiwa wanapofika kwenye ubaguzi. Tuseme mhudumu wa hoteli, mjamzito, amepewa onyo la mwisho la maandishi kwa kuchelewa kazini. Hajafukuzwa, kwa hiyo kifungu cha 39 hakimsaidii. Anashika kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi hata katika hatua za nidhamu, na ujauzito umetajwa humo waziwazi, kama ilivyotajwa dini, kabila, jinsia, ulemavu na umri. Hapa anaanza yeye. Lakini hadaiwi kuthibitisha meneja alikuwa anawaza nini. Anaweza kuonyesha daftari la mahudhurio: wenzake waliochelewa mara nyingi kuliko yeye, mwezi uleule, hawakuandikiwa hata mstari mmoja. Akishaonyesha hayo, mzigo unahama. Sasa ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba onyo lile halikutokana na ujauzito.

Hatua hiyo ya kwanza ina jina lake la Kilatini, na wapo wanaoitafsiri "kesi ya awali". Naikataa tafsiri hiyo, maana msikilizaji atadhani ipo kesi nyingine inayofuata. Tunayo tayari "kesi ya kujibu", tunayoisikia kila mara katika habari za mahakamani. Imezoeleka kwenye jinai, lakini inasema kile kinachotakiwa: mlalamikaji hajashinda bado, ila mwenzake hawezi tena kukaa kimya.

Kwa hiyo anayejaza fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ajue kwanza analalamikia nini. Kuachishwa kazi kuna siku 30 za kufungua mgogoro, malalamiko mengine siku 60. Na aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri aliifanya kazi isivumilike, sheria inaweza kumhesabu kuwa ameachishwa, ila kuonyesha kwamba kazi haikuvumilika ni juu yake yeye kwanza.