Homa ya papasi

Homa ya papasi (pia: homa ya kujirudia inayoenezwa na kupe) ni ugonjwa wa kuambukiza unaowapata watu wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Unasababishwa na bakteria aitwaye Borrelia duttonii, na huenezwa kwa kuumwa na papasi (Ornithodoros moubata), yaani kupe laini anayeishi ndani ya nyumba za udongo. Mgonjwa hupata homa kali ya siku chache, hupona, kisha homa humrudia. Ugonjwa hutibika kwa urahisi ukitambuliwa, lakini mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria.

Papasi na maambukizi

Papasi ni tofauti na kupe wa kawaida wanaoonekana wakining'inia kwenye ngozi ya ng'ombe au mbwa kwa siku kadhaa. Ngozi yake ni laini yenye mikunjo, hana macho, na mchana hujificha katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hufyonza damu ya mtu aliyelala kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hawakumbuki kuumwa.

Bakteria huingia mwilini kupitia mate ya papasi au majimaji anayotoa karibu na miguu yake wakati wa kunyonya. Papasi anaweza kukaa miaka kadhaa bila chakula na bado akabeba bakteria hao. Jike huweza pia kuwarithisha watoto wake kupitia mayai. Hivyo nyumba iliyoachwa muda mrefu inaweza kumwambukiza mgeni atakayelala humo.

Dalili

Kwa kawaida dalili huanza wiki moja hivi baada ya kuumwa: homa ya ghafla, kutetemeka, maumivu makali ya kichwa, viungo na misuli, na kutapika. Baada ya siku chache homa hushuka kwa jasho jingi na mgonjwa huona amepona. Takriban wiki moja baadaye hurudi, na bila matibabu inaweza kurudi mara kadhaa. Wengine hupata matatizo ya mishipa ya fahamu, kama vile kupooza upande mmoja wa uso, au ya macho.

Wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wachanga. Bakteria huweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni, na kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au kufa muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Historia ya utafiti

Mwaka 1857 David Livingstone aliandika katika kitabu chake cha safari kuhusu maradhi yaliyofuata kuumwa na kupe wa nyumbani kusini mwa Afrika. Mwaka 1873 Otto Obermeier wa Berlin alitangaza kwamba aliona kwa hadubini vijidudu vyembamba vilivyojisokota katika damu ya wagonjwa wa homa ya kujirudia. Homa hiyo ya Ulaya ilienezwa na chawa.

Mwaka 1904 madaktari Philip Ross na Arthur Milne waliona vijidudu vya aina hiyo katika damu ya wagonjwa wa "homa ya kupe" nchini Uganda. Wakati huohuo Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, waliotumwa na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Liverpool, walikuwa wakifanya utafiti huko Kongo. Walithibitisha kwa majaribio kwamba papasi huwaambukiza nyani ugonjwa huo kwa kuwauma. Wote wawili waliugua wakati wa kazi hiyo. Dutton alifariki Kasongo, mashariki mwa Kongo, tarehe 27 Februari 1905. Mwaka uliofuata bakteria huyo alipewa jina la duttoni kwa heshima yake.

Mwaka 1905 Robert Koch alichunguza ugonjwa huo katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Alikuta papasi wengi katika vibanda ambamo misafara ililala njiani, na aliona bakteria ndani ya mayai ya papasi.

Katikati ya karne ya 20 G. A. Walton alichunguza papasi wa Kenya na kueleza tofauti kati ya wale wanaoishi katika nyumba za watu na wale wa mashimo ya ngiri.

Kwa nini homa hurudi

Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini iliyo juu ya ngozi ya bakteria. Bakteria wengi hufa na homa hushuka. Lakini wachache wameshabadilisha protini hiyo, na kingamwili za awali haziwatambui. Hao huzaana na kuleta homa mpya. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kizazi cha bakteria mmoja wa Borrelia hermsii, jamaa wa Borrelia duttonii, kiliweza kutoa aina zaidi ya 20 tofauti kwa njia hiyo.

Utafiti wa karibuni

Tafiti zilizochapishwa katika miaka ya 1990 kutoka hospitali za Sengerema na Mvumi nchini Tanzania zilionyesha ukubwa wa hasara kwa wajawazito na watoto wadogo. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba Borrelia duttonii kutoka kwa wagonjwa wa Tanzania ameweza kukuzwa katika maabara.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba binadamu peke yake ndiye anayehifadhi bakteria huyo. Mwaka 2007 watafiti waliripoti kwamba DNA yake ilipatikana katika baadhi ya kuku na nguruwe huko Mvumi. Mwaka 2008 ulinganisho wa jenomu ulionyesha kwamba Borrelia recurrentis, anayeenezwa na chawa, ana asili moja na Borrelia duttonii, ila amepoteza baadhi ya jeni.

Utambuzi na matibabu

Bakteria huonekana katika tone la damu lililopakwa rangi ya Giemsa, hasa damu ikichukuliwa wakati wa homa. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuwaonyesha. Panapotumika kipimo hicho peke yake, mgonjwa wa homa ya papasi huweza kurudishwa nyumbani bila dawa inayomfaa.

Dawa zinazotumika ni antibiotiki kama vile tetrasiklini, doksisiklini, penisilini na erithromisini. Saa chache baada ya dozi ya kwanza homa huweza kupanda sana na shinikizo la damu kushuka, kwa sababu bakteria wengi hufa kwa pamoja. Kwa hiyo mgonjwa anapaswa kuangaliwa kwa karibu.

Kinga

Hakuna chanjo. Njia za kujikinga ni:

- kusakafia nyumba kwa saruji na kuziba nyufa za kuta;
- kulala kitandani badala ya chini, mbali na ukuta;
- kutumia chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro;
- kupulizia dawa ya kuua wadudu katika sakafu na kuta.

Katika maeneo mengi ugonjwa umepungua kadiri nyumba za udongo zilivyopungua. Umebaki hasa vijijini, kwa familia zisizoweza kumudu saruji.

Tazama pia

- Kupe
- Malaria
- Ugonjwa wa Lyme