Tawi la Reli Lililong'olewa Singida

Sepuka haina reli. Alizeti, dengu na mtama wa tarafa hiyo ya Wilaya ya Ikungi husafiri kwa lori. Hata hivyo, Mkoa wa Singida una historia ya reli isiyo ya kawaida: ulijengewa tawi, tawi likang'olewa, kisha baada ya miongo kadhaa likajengwa tena.

Reli ya Kati haikupita Singida mjini. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ilipita Manyoni, ikaiacha Singida kaskazini na mifugo yake na nafaka zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, upande wa Iramba. Ulikuwa wakati mbaya. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeshusha bei za mazao, na mzigo uliotarajiwa haukuja kwa wingi wa kulipa gharama. Katika miaka ya 1940 reli zikang'olewa na kuondolewa. Baada ya Uhuru likajengwa tawi jingine la Manyoni hadi Singida, kilomita 115. Kinyangiri haikuona treni tena.

Wapo watu wanaolijua vizuri kosa hili la kujenga reli bila mzigo wa kutosha, ingawa hawajawahi kusikia habari za Kinyangiri: wajenzi wa treni za mfano, wale wanaotandika reli ndogo juu ya meza na kupanga mabehewa yanayoenea kiganjani. Anayebuni kituo kidogo chenye njia za pembeni za kuingia viwandani hujiuliza kwanza mzigo gani unatoka na gani unaingia. Kituo chenye mzigo wa aina moja humchosha mchezaji upesi, kwa sababu behewa lolote linaweza kukaa popote, na kichwa cha treni kinachosogeza mabehewa hakina fumbo la kufumbua.

Fumbo linalojulikana zaidi lilibuniwa na Mwingereza Alan Wright, naye akaliita Inglenook Sidings. Lina pointi mbili tu za kugeuzia njia, na njia tatu zilizofungwa mwisho: moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu kila moja. Mabehewa yote ni manane, na kichwa kina nafasi ya kuvuta matatu kwa mara moja. Kazi ni kuunda treni ya mabehewa matano kwa mpangilio uliotolewa kwa kura. Mipangilio inayowezekana ni 6,720, yote hayo juu ya ubao ambao mtu anaweza kuubeba kwapani. Mmarekani John Allen alikuwa na mchezo wake, Timesaver, wa kushindana na saa. Unafurahisha, lakini hakuna meneja wa reli ambaye angekubali kujengewa yadi iliyobana namna ile kwa makusudi.

Wright hakuutoa mchoro wake hewani. Aliuiga kutoka Kilham, kituo cha mashambani kaskazini mwa Uingereza, kwenye tawi la Alnwick hadi Cornhill. Tawi hilo liliacha kubeba abiria mwaka 1930, miaka ileile ambayo Tanganyika ilikuwa ikilijenga la Singida. Nalo baadaye lilifungwa kabisa.

Afrika Mashariki ina makaburi mengi ya matawi ya namna hiyo. Kutoka Tengeni, kwenye reli ya Usambara, Wajerumani walipandisha reli nyembamba ya sentimita 75 hadi Sigi kufuata mbao. Mlima ulikuwa mkali kiasi kwamba treni ililazimika kwenda mbele, kurudi nyuma, kisha mbele tena ili ipande. Mpango wa Karanga, mradi wa Waingereza wa kilimo cha karanga ulioanza mwaka 1947, ulizaa tawi la kwenda Kongwa na reli nzima ya Mtwara hadi Nachingwea. Serikali ya Uingereza iliuacha mpango mwaka 1951, baada ya kuzamisha takriban pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea iliburura miguu hadi mwaka 1962, ikang'olewa.

Lakini mzigo mmoja si hukumu ya kifo kila mara. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, kwa kuwa wakati huo watu wa Mpanda walikuwa wamekwisha kuizoea kwa safari na mazao yao. Huko Kenya, tawi la Konza hadi Magadi lilikamilika mwaka 1915 kwa ajili ya magadi ya ziwa. Mzigo ni uleule, na ziwa halijakauka.

Anayetaka kuiweka Singida mezani ana jambo moja la kuamua kabla ya kushika msumeno: mwaka. Akichagua 1938, atahitaji ghala la nafaka, jukwaa la kupakilia ng'ombe, na tangi la maji la injini ya mvuke. Akichagua 1955, atabaki na tuta tupu na lori. Akichagua siku za karibuni, ataongeza kiwanda cha kukamua alizeti na njia ya kupokea mafuta ya dizeli, na hapo tu ndipo fumbo la Wright linapata mabehewa ya kutosha: ya mafuta yasichanganywe na ya magunia, matupu yasizibe njia ya yaliyojaa.

Wajenzi wa reli mpya ya SGR wanaonekana kuijua hesabu hiyo ya njia za pembeni. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kina kilomita 300 za reli, lakini njia kuu ni 205 tu. 95 zilizobaki ni za kupishania treni na za stesheni. Kutoka Makutupora, wilayani Manyoni, hadi Tabora, kilomita 294 ni njia kuu na 74 ni za pembeni. Lori la alizeti la Sepuka bado litalazimika kusafiri hadi huko.